Jan Gruter na Maktaba ya Heidelberg: Kosa Halikuwa Mlangoni, Lilikuwa Kwenye Daftari

Februari 1623 masanduku 196 ya vitabu yaliondoka Heidelberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwa safari ya Roma. Ndani yake mlikuwa na takribani miswada 3,500 ya mkono na maelfu ya vitabu vilivyochapwa, karibu kila chenye thamani katika Bibliotheca Palatina, maktaba ya watawala wa dola ya Palatinate. Mkutubi aliyeishika kwa miaka 20, Jan Gruter, hakuwepo. Alikuwa ametoka mjini kabla ya majeshi ya Wakatoliki kuuteka Septemba 1622.

Tangu siku hizo wasomi wamemhukumu kwa njia mbili. Wapo wanaomwona kama mshairi na mhariri aliyeshughulika na vitabu vyake hadi akasahau kwamba kazi ya mkutubi ni kulinda. Wapo wanaosema hakuna mkutubi angeweza kuzuia jeshi, na kwamba aliifungua maktaba kwa wasomi wakati muda ungalipo. Sisi tunaegemea upande wa pili, ila kwa sharti moja zito: Gruter hakukosea kufungua milango. Alikosea kwa kutoandika vizuri kilichokuwa nyuma ya milango hiyo.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa Antwerp tarehe 3 Desemba 1560. Mama yake, Catharina Tishem, alikuwa Mwingereza aliyesoma Kigiriki kwa ufasaha kuliko wanaume wengi wa wakati wake, na ndiye aliyemwanzishia mwanawe masomo. Waprotestanti wa Antwerp walipobanwa na utawala wa Hispania, familia ilikimbilia Uingereza. Kijana alisoma Norwich na Cambridge, kisha Leiden. Baadaye alifundisha Rostock, halafu Wittenberg, na huko mwaka 1592 akapoteza kazi kwa kukataa kutia saini waraka wa imani ya Walutheri, Kanuni ya Maafikiano. Heidelberg, mji wa Wakalvini, ukampokea awe profesa wa historia. Mwaka 1602, mkutubi Paulus Melissus Schede alipofariki, Gruter alikabidhiwa funguo. Schede naye alikuwa mshairi wa Kilatini. Inaonekana watawala wa Heidelberg hawakuona kasoro kumpa malenga kazi ya rafu na kufuli.

Mtu aliyekwisha kupoteza mji kwa sababu ya dini, kisha akapoteza ajira kwa sababu hiyohiyo, ni vigumu kumshawishi kwamba kilichofungiwa kabatini kiko salama. Anayetazama orodha ya matoleo yake anaona mtu mwenye haraka: Seneca, Tacitus, Cicero, Livy, Plautus, waandishi wa Historia Augusta, na kadhalika, mara nyingine kitabu juu ya kitabu ndani ya mwaka mmoja.

Mashairi yake mwenyewe ya Kilatini yalitoka Heidelberg mwaka 1587 kwa jina la Pericula. Ni tungo za mtu anayeijua sanaa, si za mtu atakayekumbukwa kwayo. Mchango wake mkubwa katika ushairi ni diwani alizokusanya za wengine: washairi 200 wa Italia (1608), 100 wa Ufaransa (1609), na 100 wa nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji (1614). Alizitoa kwa jina la bandia, Ranutius Gherus, ambalo ni herufi za Ianus Gruterus zilizopanguliwa na H moja kuongezwa. Wanaomlaumu wana haki wanaposema diwani hizi haziambii msomaji kila shairi limetolewa toleo gani. Hata hivyo washairi wengi wa Kilatini wa karne ya 16 husomwa leo kupitia diwani hizo, kwa kuwa vijitabu vyao vya awali ni adimu.

Milango ilipofunguliwa

Vitabu vya Palatina vilikaa kwenye roshani za Kanisa la Roho Mtakatifu, katikati ya mji. Mtawala Ottheinrich ndiye aliyeukuza mkusanyo huo katikati ya karne ya 16. Baadaye tajiri wa Augsburg, Ulrich Fugger, alihamia Heidelberg na vitabu vyake, na alipofariki mwaka 1584 vikabaki huko. Palikuwa na Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kijerumani.

Mfano wa kwanza wa matunda ya milango wazi ni wa kijana Mfaransa, Claude Saumaise. Alifika Heidelberg mwaka 1606 hivi, akiwa na umri wa miaka kama 18, na katika roshani zile akakuta mswada wa karne ya 10 wenye mashairi mafupi ya Kigiriki takribani 3,700. Ulaya ilikuwa ikiyajua mashairi ya aina hiyo kupitia mkusanyo wa mtawa Planudes, ambaye aliacha mengi, hasa ya mapenzi. Saumaise alinakili yale ambayo Planudes hakuwa nayo. Miaka 17 hivi baadaye mswada wenyewe ulikuwa Roma, lakini nakala za Saumaise ziliendelea kuzunguka mkono kwa mkono kwa zaidi ya karne moja na nusu, hadi matoleo ya mwisho wa karne ya 18 yalipoyatia katika chapa.

Hapa wanaomlaumu Gruter wana jibu lenye uzito. Saumaise aliahidi toleo na hakulitoa. Kumfungulia mlango msomi mmoja si kuifungulia dunia. Huenda ni kuhamisha ufunguo kutoka mfuko wa mkutubi kwenda mfuko wa mgeni. Aliyetaka mashairi hayo ilimlazimu ajuane na mtu mwenye nakala.

Mfano wa Historia Augusta unajibu hoja hiyo. Hizi ni wasifu wa makaisari wa Roma wa karne ya 2 na ya 3, na mswada mkuu ambao matoleo yote ya kisasa huuegemea ni wa karne ya 9, uliokuwa Heidelberg wakati huo; leo unaitwa Pal. lat. 899 huko Vatikani. Gruter aliutumia katika toleo lake la mwaka 1611, na Saumaise akautumia tena katika toleo lake la Paris mwaka 1620. Miaka mitatu baadaye ulikuwa mgongoni mwa nyumbu, ukivuka Alps. Kwa hiyo mswada ulipoondoka, maneno yake yalikuwa yamekwisha kusomwa mara mbili, na wasomi wawili waliotofautiana kwa mbinu, na kuwekwa kwenye vitabu ambavyo mtu wa Leiden au Oxford angeweza kuvinunua. Kama Gruter angekuwa mlinzi wa kufunga tu, jumla ingekuwa mswada uleule Roma, na hakuna chapa kaskazini.

Kwa Plautus, mtunzi wa tamthilia wa Roma ya kale, mambo yalikuwa machafu zaidi. Palatina ilikuwa na miswada miwili ya tamthilia zake iliyowahi kuwa ya msomi Joachim Camerarius: mmoja wenye tamthilia 20, mwingine wenye 12 za mwisho. Johann Philipp Pareus alichapisha toleo lake kwa kutegemea miswada hiyo, Gruter akampinga, na ugomvi ukawa wa matusi ya Kilatini yaliyojaa kurasa nyingi. Ukiyaondoa matusi, kiini cha ugomvi kina maana: wanaume wawili wanautazama ukurasa uleule, mmoja anasema umeandikwa hivi, mwingine anasema vile. Mabishano ya namna hiyo hutokea mahali ambapo maktaba iko wazi, na humsaidia mhariri wa baadaye kujua penye wino uliofifia.

Mawe 12,000

Kazi iliyompa Gruter jina la kudumu haikuhusu miswada, ilihusu mawe. Mwaka 1602 hadi 1603 mtambo wa uchapaji wa Commelin wa Heidelberg ulitoa mkusanyo wake wa maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe na shaba katika himaya yote ya Roma, takribani 12,000. Msingi ulikuwa mkusanyo wa Martin Smetius uliochapwa Leiden mwaka 1588. Juu yake Gruter aliongeza alichotumiwa na marafiki kutoka kila pembe.

Alipanga kwa mada: miungu kwanza, halafu makaisari, maofisa, askari, mafundi, makaburi ya ndugu na jamaa. Anayetafuta makuhani wa mungu fulani anawakuta pamoja. Hasara ni kwamba jiwe linatengwa na majirani zake. Madhabahu na kaburi vilivyochimbuliwa shamba moja vinaangukia kurasa zilizo mbalimbali, na uhusiano wa familia au kikosi kilekile unafichika. Karne ya 19 mwanahistoria Mjerumani Theodor Mommsen, katika mkusanyo wake mwenyewe wa maandishi hayo, aliugeuza mpango huo: akapanga kwa mahali, na akashikilia kwamba mhariri aende akalione jiwe kwa macho yake kila inapowezekana.

Gruter hakwenda. Alitegemea nakala za barua, na nakala za barua huharibika kwa namna zinazojulikana. Mnakili hapangi mistari kama ilivyo kwenye jiwe, basi huwezi kujua ukingo uliovunjika ulimeza herufi ngapi. Anafumbua vifupisho bila kusema amefumbua. Pengo analijaza kwa kukisia, na makisio yanachapwa kana kwamba ni herufi za mchongaji. Tena kulikuwa na waghushi, Pirro Ligorio akiwa maarufu kuliko wote, waliotunga maandishi ya kale mezani kwao. Gruter alijitahidi: mwishoni mwa kitabu aliweka sehemu ya maandishi anayoyashuku. Lakini mengine ya kughushi yalipenya hadi sehemu kuu.

Pamoja na hayo yote kitabu kilifaa, kikachapwa upya Amsterdam mwaka 1707, na mkusanyo wa Mommsen wenyewe bado humtaja Gruter kwa ukurasa na namba karibu kila anapohusika. Kilifaa kwa sababu ya kitu ambacho hakukitengeneza yeye. Joseph Scaliger, msomi mkubwa kuliko wote wa Leiden, alikaa kwa miezi kumi akitunga faharasa 24: majina ya watu, ya miungu, ya vyeo, ya miji, maumbo ya sarufi yasiyo ya kawaida. Bila faharasa hizo mawe 12,000 ni ghala lisilo na taa.

Kinachoshangaza ni kwamba Gruter aliielewa thamani ya namba. Mgawanyo wa sura katika maandishi ya Cicero ambao wasomi hutumia hata leo ulitokana na toleo lake la mwaka 1618. Alimrahisishia kila msomaji wa Cicero njia ya kumwonyesha mwenzake sentensi moja. Miswada iliyokuwa chini ya mikono yake hakuitendea hivyo.

Je, angeweza kuiokoa?

Mtawala Frederick V alikubali taji la Bohemia mwaka 1619, akashindwa vibaya karibu na Prague Novemba 1620, na kuanzia hapo Heidelberg ilikuwa ikisubiri zamu yake. Wanaomlaumu Gruter husema alikuwa na karibu miaka miwili ya onyo. Ni kweli. Tena si kweli kwamba hakuna kilichotoka: mswada maarufu wa mashairi ya Kijerumani unaoitwa Codex Manesse haukuangukia mikononi mwa washindi, ukaja kuonekana Paris, na ukarudi Heidelberg mwaka 1888.

Lakini hesabu ya kazi yenyewe inapoza lawama. Leone Allacci, mjumbe wa Papa, alifika Heidelberg Desemba 1622 akiwa na baraka za Roma, jeshi la Bavaria nyuma yake, na mji mzima usioweza kumkatalia mbao wala mafundi. Bado kufungasha tu kulimchukua hadi Februari. Gruter hakuwa mwenye mali. Vitabu vilikuwa vya mtawala, na mtawala alikuwa uhamishoni. Kuagiza magari, walinzi na kibali cha kupita nchi za watu wakati wa vita havikuwa mamlaka ya profesa. Na maktaba inayofungashwa hadharani huwaambia raia kwamba mji umeshapotea.

Vitabu vyake binafsi navyo viliporwa na kutawanywa. Allacci alichukua hata sehemu ya hivyo, pamoja na vya chuo kikuu. Hapa lawama moja inamshika Gruter sawasawa: mkutubi anayefanyia kazi nyumbani miswada ya maktaba anafuta mpaka kati ya kisima na mtungi wake, na mnyang'anyi anapokuja hana haja ya kuuliza kipi ni cha nani. Alifariki karibu na Heidelberg tarehe 20 Septemba 1627, vitabu havijarudi.

Roma au Heidelberg

Kila kitabu kilichosafirishwa kilitiwa kibandiko kilichochongwa Munich mwaka 1623. Kwa Kilatini, kitabu kinajitambulisha chenyewe: mimi ni wa maktaba ambayo Maximilian wa Bavaria, baada ya kuiteka Heidelberg, aliifanya nyara na kumpelekea Papa Gregory XV kama tunu ya ushindi. Nyara chache zimewahi kukiri hivi waziwazi. Papa mwenyewe hakuziona, kwani alifariki Julai 1623, na mzigo ukafika Agosti.

Wanaotetea Roma wana hoja isiyopuuzika. Mwaka 1693 askari wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, waliichoma Heidelberg, na Kanisa la Roho Mtakatifu likaungua pamoja nayo. Vitabu kama vingekuwa bado kwenye roshani, leo tungekuwa tunajadili majivu. Hoja ya namna hii wasomaji wetu wanaijua kutoka upande mwingine: ndiyo inayotolewa kila Afrika inapodai vitu vyake vilivyomo kwenye makumbusho ya Ulaya, kwamba huku vimetunzwa, kwenu vingeharibika. Udhaifu wake ni uleule pande zote. Moto wa 1693 unaeleza kwa nini tunashukuru. Hauelezi kwa nini mwaka 1623 vilichukuliwa. Na mtu akitunza kwa bahati mali aliyoipora, bahati hiyo haimpi hati.

Utunzaji wenyewe ulianza kwa hasara. Majalada ya mbao ni mazito, na mzigo ulikuwa wa kuvuka milima, kwa hiyo Allacci aliagiza vitabu vingi vivuliwe majalada. Vikaja kujalidiwa upya Roma. Pamoja na mbao hizo zilipotea karatasi za ndani ya jalada, alama za rafu, majina ya wamiliki wa zamani, na vipande vya miswada mingine vilivyotumiwa kama kitambaa cha ndani. Mwanahistoria wa vitabu hupata nusu ya ushahidi wake mahali hapo.

Urejeshaji nao ulikwenda kwa vipande. Mkataba wa Tolentino wa 1797 ulimpa Napoleon haki ya kuchukua miswada ya Vatikani na kuipeleka Paris, na miongoni mwake kulikuwa na ya Palatina isiyofika 40. Napoleon alipoanguka, karibu yote hiyo ilipelekwa Heidelberg, na mwaka 1816 Papa Pius VII akaongeza miswada 847 ya Kijerumani. Mingine ya Kilatini, takribani 2,000, na ya Kigiriki zaidi ya 400, ilibaki Vatikani. Matokeo ya mgawanyo huo ni ya ajabu. Mswada wa mashairi ya Kigiriki alioukuta Saumaise sasa uko Heidelberg hadi ukurasa wa 614. Kuanzia 615 hadi 709 ulibaki Paris. Plautus wa tamthilia 20 yuko Roma kama Pal. lat. 1615, na ndugu yake wa tamthilia 12, Pal. lat. 1613, yuko Heidelberg. Mwaka 1986, chuo kikuu kilipotimiza miaka 600, Vatikani iliazimisha mamia ya vitabu kwa maonyesho ndani ya kanisa lilelile, kisha vikarudi Roma.

Kwa msomaji wa kawaida ubishi huu umepoa, kwa sababu Heidelberg imeweka mtandaoni miswada yake yote ya Kijerumani, na kuanzia miaka ya 2010, kwa kushirikiana na Vatikani, ikaendelea na ile ya Kilatini. Kilichobaki kigumu ni kile alichokiacha Gruter mwenyewe.

Daftari lililokosekana

Mali bila daftari hupotea bila habari. Gruter hakuacha katalogi iliyochapwa ya maktaba aliyoishika miaka 20. Orodha ya miswada ya Kigiriki ilikuwa imetungwa na Friedrich Sylburg, aliyefariki 1596, lakini nayo ilichapwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Katika maelezo ya matoleo yake Gruter huandika tu Palatini ya kwanza, ya pili, ya tatu, namba za mezani kwake ambazo hazilingani na namba ya rafu yoyote. Alipokuwa hai mtu angeweza kumwandikia barua amuulize. Baada ya 1623 swali hilo lilikosa wa kulijibu.

Anayetaka leo kujua Palatini ya pili katika toleo fulani ni mswada upi inambidi aanze kwa kukusanya kila mahali Gruter anapoutaja, akiyapa uzito mkubwa maneno yaliyorukwa na mistari iliyohama. Tahajia haifai kwa kazi hii, kwani wanakili huirekebisha wenyewe bila kukusudia. Sentensi iliyorukwa katikati haijitokezi kwa miswada miwili isiyo na udugu kirahisi. Kisha aorodheshe miswada yote ya Palatina yenye andiko hilo, ya Roma na ya Heidelberg, na kulinganisha picha zake mahali hapo tu. Miruko mitatu au minne ikikubaliana katika mswada mmoja, na hakuna mwingine unaokubaliana nayo yote, ndio wenyewe.

Mitego ni mitatu. Gruter aliripoti alichokipenda, basi pale asipotaja tofauti usichukulie kwamba mswada ulikubaliana na chapa. Kitabu kilichojalidiwa upya Roma huenda kiligawanywa au kuunganishwa na kingine, kwa hiyo mswada wake mmoja waweza kuwa na namba mbili sasa. Na kwa kuwa vitabu vyake binafsi vilipanda masanduku yaleyale, mswada wenye namba ya Palatini huko Vatikani huenda haukuwahi kukaa kwenye roshani za kanisa hata siku moja. Tafuta mwandiko wa Gruter pembezoni kabla ya kuuhesabu miongoni mwa vitabu vya watawala.